Kusoma Misukosuko ya Angahewa Kabla ya Mvua ya Masika: Mwongozo Kamili wa Hatua Saba

Kosa ni lile lile kila mwaka. Machi inaingia, mvua inanyesha siku mbili mfululizo, watu wanakimbilia jembe na mbegu. Kisha jua linawaka wiki tatu na miche inakauka ikiwa na majani mawili. Au simu inaonyesha kijiwingu na asilimia 80, nguo hazianikwi, na jua linawaka mpaka jioni. Wiki inayofuata simu haionyeshi kitu cha kutisha, na usiku mto unavunja kingo.

Wengi wanakosea kwa sababu wanaanza na swali la mwisho: "Hapa kwangu itanyesha?" Swali la kwanza ni hili: wiki hii ni msukosuko gani unaoendesha hewa ya Afrika Mashariki, na umekaa wapi? Kimbunga kimoja kikiwa mashariki ya Madagaska kinaweza kuleta mvua Nakuru. Kikiwa magharibi yake, kinaweza kuipora. Alama ya kijiwingu kwenye simu haikuonyeshi tofauti hiyo.

Mwongozo huu umelenga masika, Machi hadi Mei, katika Kenya, Tanzania na majirani zao, kipindi ambacho kaskazi inaachia na kusi inaingia. Ukiwa Mtwara, Lindi au Ruvuma, ambako msimu ni mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, hatua ya 3 hadi ya 6 zinakufaa pia.

## Vifaa unavyohitaji

- Simu yenye intaneti. Baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani yake, na programu ya bure ya barometa itakuonyesha kama yako inacho. Kama haina, nunua barometa ndogo ya mezani.
- Daftari la mistari na kalamu. Usitegemee kumbukumbu. Siku kumi zikipita utakumbuka mvua kubwa tu, na siku kavu zitakuponyoka.
- Kipima mvua. Maelezo ya kukitengeneza yako hapa chini.
- Kitambaa chepesi juu ya mlingoti wa mita 3 au zaidi, mahali pa wazi, pamoja na dira ya simu, ili uone upepo unatoka wapi.
- Kurasa tano za intaneti: utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako, mchoro wa MJO (kundi la mawingu linaloelezwa katika hatua ya 2) kutoka NOAA (mamlaka ya bahari na angahewa ya Marekani) au idara ya hali ya hewa ya Australia, ukurasa wa vimbunga wa Météo-France kisiwani La Réunion (kituo chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi), picha za setilaiti za EUMETSAT (shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa), na ramani ya upepo kama Windy, inayokuruhusu kuchagua urefu.

### Kipima mvua cha chupa

Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale mabega yanapoanza. Kipande cha juu kigeuze, mdomo uangalie chini, ukiweke kama faneli ndani ya kile cha chini. Maji yakishaingia hayatarukia nje, wala jua halitayakausha haraka.

Usipime kwa rula ukutani mwa chupa. Kitako cha chupa kina mabonde, na rula itakudanganya milimita kadhaa. Mimina maji kwenye bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, uhesabu mililita.

Pima upana wa mdomo wa faneli. Ukiwa sentimita 10, eneo lake ni 3.14 × 5 × 5, yaani sentimita za mraba 78.5. Kila milimita 1 ya mvua italeta mililita 7.85. Ukipata mililita 157, gawanya kwa 7.85: mvua ni milimita 20.

Kiweke mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, na mdomo uwe juu ya ardhi angalau sentimita 30 ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Kama mdomo umebonyea na si mviringo tena, kata mwingine, kwa kuwa hesabu yote inategemea eneo lile. Soma kila siku saa 3 asubuhi, hata kama hakuna tone. Andika sifuri. Sifuri ni kipimo.

## Hatua ya 1: Linganisha saa yako na saa ya ramani

Ramani na picha nyingi za hali ya hewa huandikwa kwa saa ya kimataifa, UTC, mara nyingi kwa herufi Z. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, chukua namba ya UTC uongeze 9, upate saa ya Kiswahili moja kwa moja. Ikizidi 12, toa 12, na ikibidi utoe tena.

- 00Z ni saa 9 usiku
- 06Z ni saa 3 asubuhi
- 12Z ni saa 9 alasiri
- 18Z ni saa 3 usiku

Bujumbura, Kigali, Goma na Bukavu ongeza 8 badala ya 9.

Umefaulu ikiwa: ukiona picha imeandikwa 15Z unajua bila kufikiri kwamba ni ya saa 12 jioni. Anayeruka hatua hii hutazama picha ya jana usiku akidhani ni ya leo asubuhi.

## Hatua ya 2: Tafuta MJO ilipo

MJO ni kundi kubwa la mawingu na upepo linalozunguka dunia karibu na ikweta, kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa muda wa siku 30 hadi 60. Herufi M na J ni za Madden na Julian, walioligundua mwaka 1971. Likifika upande wetu na Bahari ya Hindi, hewa hupanda kwa urahisi na mvua hupata nguvu. Likivuka kwenda Pasifiki, hewa kwetu hushuka na kukausha.

Fungua mchoro wake. Utaona duara dogo katikati na sehemu nane zenye namba, pamoja na mstari unaojipinda. Tazama nukta ya mwisho kwenye mstari wa siku zilizopita.

1. Nukta iko ndani ya duara au nje? Ikiwa ndani, MJO ni dhaifu. Iache kabisa wiki hii, nenda hatua ya 3.
2. Ikiwa nje, ni sehemu ya ngapi? Sehemu ya 2 na 3 ni Bahari ya Hindi, ya 4 na 5 ni eneo la visiwa vya Indonesia, ya 6 na 7 ni magharibi ya Pasifiki, na ya 8 na 1 inarudi kuelekea Afrika.
3. Inaelekea wapi? Mwendo wa kawaida ni kinyume cha mishale ya saa.

Wakati wa masika, nyanda za juu za Kenya na maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria hupata mvua zaidi MJO ikiwa sehemu ya 2 hadi ya 4. Ikiwa 6 hadi 8, tegemea upungufu.

Pwani ni habari nyingine. Mvua ya Mombasa, Tanga au Unguja hutegemea sana unyevu unaoletwa na upepo wa baharini, na mara nyingi huja wakati bara kunakauka. Mtu wa Malindi akifuata kanuni ya Eldoret atakosea, tena atakosea mara kwa mara.

Onyo: mkia wa utabiri kwenye mchoro ule una thamani kwa wiki moja hadi mbili tu. Na ukiona mstari unaruka ghafla au unarudi nyuma, usiupe maana kubwa. Mara nyingi ni kimbunga au wimbi la Kelvin limeingia kwenye hesabu. Mawimbi ya Kelvin nayo huenda mashariki, lakini kwa kasi ya kilomita 50 hadi 70 kwa saa, na huvuka ukanda wetu kwa siku moja au mbili. Huleta mvua kali ya ghafla ambayo mchoro wa MJO hauwezi kuionyesha.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi moja kwenye daftari, kwa mfano: "MJO sehemu ya 3, nje ya duara, inaelekea 4."

## Hatua ya 3: Kimbunga kiko upande gani wa Madagaska?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapoanguka. Watu wakisikia "kimbunga baharini" hudhani mvua inakuja. Wengine wakisikia "hakitafika kwetu" husahau habari yake. Wote wawili wamekosea. Kimbunga kilicho kilomita 2,000 kutoka kwako kinaweza kugeuza upepo ulio juu ya paa lako.

Sababu yake iko kwenye mzunguko. Kusini mwa ikweta, upepo huzunguka kitovu cha kimbunga kwa kufuata mishale ya saa. Chora duara kwenye daftari na mishale yake. Upande wa kaskazini wa duara upepo unatoka magharibi kwenda mashariki, na upande wa kusini unatoka mashariki kwenda magharibi. Mchoro huo mdogo utakusaidia msimu mzima, kwa hiyo uchore kwenye jalada la daftari.

Sasa fungua ukurasa wa La Réunion. Dhoruba hupewa jina upepo wake wa wastani ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Usisubiri jina. Mgandamizo mdogo usio na jina, yaani eneo ambalo mgandamizo wa hewa umeshuka, nao unavuta hewa.

### Kikiwa mashariki ya Madagaska

Upande wake wa kaskazini unavuta upepo wa magharibi kuvuka Afrika ya kati na ya mashariki. Upepo huo unakuja na unyevu wa bonde la Kongo. Kwa kawaida hewa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania hutoka mashariki, na tabaka lake lenye unyevu ni jembamba, juu yake pakavu. Upepo wa magharibi hulijaza tabaka hilo unyevu mpaka juu, na wingu linapata chakula.

Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande huo, na Kenya ikapata mvua nyingi na mafuriko mwezi huo huo.

Chukua hatua hii: bara, tarajia mvua ndani ya siku chache tangu kimbunga kipate nguvu, kisha thibitisha kwa hatua ya 4.

### Kikiwa Mlango-Bahari wa Msumbiji, magharibi ya Madagaska

Kinavuta unyevu kwenda kusini, na sehemu kubwa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania hubaki na anga kavu. Machi 2019 kimbunga Idai kilizunguka katika mlango huo na kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Masika ya mwaka ule yalichelewa sana upande wa kaskazini, na waliopanda kwa mvua ya mwanzo wa Machi walipata hasara.

Chukua hatua hii: usipande, hata kama juzi ilinyesha. Subiri kimbunga kife au kiondoke, kisha uhesabu upya.

### Kikija moja kwa moja pwani yetu

Hutokea kwa nadra, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo na kimbunga hakipati wa kukizungusha. Lakini nadra si kamwe. Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952. Aprili 2021 Jobo kilidhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia tarehe 4, wakati kalenda ya vimbunga ilikuwa karibu kufungwa.

Rudi kwenye mchoro wako wa mishale. Kimbunga kinapokuja kutoka mashariki, upande wa kusini wa kitovu ndio unaopokea upepo wa kutoka baharini, uliojaa maji. Upande wa kaskazini hupata upepo unaotoka nchi kavu. Hidaya kilipopita Mafia, wilaya ya Kilwa, iliyo kusini, ilipigwa na mafuriko na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Kwa hiyo ukisikia kitovu kinaelekea kaskazini ya kwako, usishangilie kwamba kimekukosa.

Umefaulu ikiwa umeweka alama ya kitovu kwenye ramani, umechora mshale wa upepo juu ya wilaya yako, na umeandika upepo huo utageukia wapi ndani ya saa 48.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwa upepo wa urefu sahihi

Fungua ramani ya upepo na uchague urefu. Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu wameuingia.

Kwa Pwani na maeneo ya chini, tumia 850 hPa, yaani kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari (hPa ni hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda). Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700. Kwenye 850 hPa uko chini ya ardhi! Kompyuta itakuchorea mshale hata hivyo, ila mshale huo ni wa kubuni. Kwa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Mbeya, Kigali na nyanda zote za juu, tumia 700 hPa, karibu mita 3,000.

Tazama mambo matatu, kwa mpangilio huu:

1. Mwelekeo. Upepo wa magharibi kwenye 700 hPa juu ya Uganda na Kenya magharibi ni dalili nzito ya mvua bara. Upepo wa mashariki wenye kasi na mwelekeo mmoja ni dalili ya ukavu bara.
2. Makutano. Tafuta mahali mishale miwili inapokutana, au mahali upepo mkali unapopunguza kasi ghafla. Hewa ikikosa pa kwenda, inapanda. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengeka.
3. Muda. Sogeza ramani siku tano mbele, kisha ubadilishe modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayotoa utabiri, kutoka ECMWF ya Ulaya kwenda GFS ya Marekani. Zikikubaliana siku tatu mfululizo, uwe na imani. Kila moja ikisema lake, andika "haijulikani" na urudi kesho.

Pwani, usichanganye nguvu ya upepo na wingi wa mvua. Kusi kali inaweza kuvuma siku nne, bahari imechafuka, majahazi yamefunga, na mvua isiwe zaidi ya manyunyu. Mvua kubwa ya pwani huja pale upepo wa bahari unapopunguza kasi ukigusa nchi kavu, au unapokutana na umande, ule upepo wa usiku utokao bara.

Umefaulu ikiwa mshale uliochora katika hatua ya 3 unafanana na ule wa ramani. Usipofanana, amini ramani ya upepo, kisha urudi kuangalia kama kimbunga kimehama.

## Hatua ya 5: Soma wingu kutoka juu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwenye picha ya setilaiti si kila weupe ni mvua. Picha ya infraredi huonyesha ubaridi wa kilele cha wingu. Wingu la radi lililokomaa lina kilele cha nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Tatizo ni kwamba likisha kufa, vumbi lake la barafu hubaki juu likiwa baridi vile vile, likipeperuka kama shuka jeupe. Anayetazama picha moja tu ataona shuka lile na kuingiza mahindi ndani bure.

Dawa ni kutazama picha tatu zilizopishana saa moja.

- Kingo zake ni kali na eneo lenye baridi linakua: wingu liko hai.
- Kingo zimechanika kama pamba na rangi inafifia: limekwisha.
- Pima mwendo. Kama ukingo wa mbele umesogea kilomita 40 kwa saa moja na uko kilomita 120 kutoka kwako, una kiasi cha saa tatu.

Kumbuka saa ya siku. Nyanda za juu hujenga mawingu yake kuanzia alasiri. Juu ya Ziwa Viktoria radi huamka usiku na kuelekea alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa, na ndiyo sababu wavuvi wa usiku wako hatarini zaidi. Pwani, mvua nyingi huangukia alfajiri hadi asubuhi.

Onyo: ukisikia ngurumo ndani ya sekunde 30 baada ya kuona radi, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usisimame chini ya mti kutazama wingu.

## Hatua ya 6: Barometa, bila kudanganywa na saa kumi jioni

Mtu ananunua barometa, anaitazama saa 4 asubuhi inasema 1012.6. Saa 10 jioni inasema 1009.2. Anawapigia simu ndugu zake: dhoruba inakuja! Haiji. Kesho yake inashuka tena vile vile, na wiki ikiisha barometa inatupwa kabatini.

Barometa ilikuwa sahihi. Katika ukanda wa ikweta mgandamizo wa hewa una kujaa na kupwa kwake, kama bahari, mara mbili kwa siku. Hujaa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hupwa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti yake ni kama hPa 3, wakati mwingine zaidi kidogo. Jua kupasha angahewa joto ndilo linalosukuma wimbi hilo, na hufanyika siku ya mvua na siku ya jua.

Kanuni ni kulinganisha saa ile ile ya jana. Daftari liwe hivi:

| Siku | Saa 4 asubuhi | Saa 10 jioni | Badiliko la saa 4 kwa saa 4 |
|---|---|---|---|
| Jumatatu | 1012.6 | 1009.2 | |
| Jumanne | 1012.1 | 1008.9 | −0.5 |
| Jumatano | 1009.4 | 1005.7 | −2.7 |

Jumanne hakuna habari. Jumatano ipo habari: kushuka karibu hPa 3 kwa saa 24, pwani, si jambo la kawaida kabisa. Mabaharia wa tropiki wana kanuni yao: ukishuka hPa 3 chini ya wastani wa mwezi, baada ya kuondoa kupwa na kujaa, kaa macho, ukishuka 5, kimbunga kiko jirani. Kwa hiyo anza kuandika mapema, mwezi mmoja kabla, ili uujue wastani wako.

Simu iwe mahali pamoja kila siku. Kupanda ghorofa moja tu, mita 3, hupunguza kiasi cha hPa 0.35. Na ukiwa Dodoma usishangae kuona namba karibu 890, kwani huo ni urefu wa mji, si dhoruba.

Barometa haitakusaidia kutabiri radi ya alasiri ya bara. Itaruka tu pale upepo wa baridi wa wingu unapokufikia, na wakati huo hata kitambaa chako juu ya mlingoti kimeshajua.

## Hatua ya 7: Unganisha na uamue

Jibu maswali manne kwa maandishi kila Jumatatu na Alhamisi:

1. MJO inasaidia, inazuia, au haipo?
2. Kuna kimbunga au mgandamizo mdogo? Upande gani wa Madagaska?
3. Upepo wa urefu wangu unatoka wapi, na modeli mbili zinakubaliana?
4. Kipima mvua kimepata nini siku 10 zilizopita?

Mkulima. Kipimo kinachotumika sana cha kuanza kwa msimu ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, bila kufuatiwa na ukame wa siku 10 ndani ya mwezi ule. Sehemu ya kwanza utaipata kwenye chupa. Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji hatua zote za juu. Umepata milimita 26, lakini MJO iko sehemu ya 5 ikielekea 6 na kuna kimbunga Msumbiji? Andaa shamba, mbegu ibaki gunia. Umepata milimita 22, MJO iko sehemu ya 2, na upepo wa magharibi utadumu siku tano? Panda.

Mvuvi na nahodha. Swali la 2 na barometa yana uzito kuliko yote. Mgandamizo ukishuka kama ulivyoshuka Jumatano ya mfano, usilale baharini.

Anayeishi bondeni mjini. Maswali matatu ya kwanza yakielekeza kwenye mvua, safisha mfereji siku ile ile, inua mashine na magunia kutoka sakafuni, na chaji simu. Milimita 50 ndani ya saa 24 juu ya ardhi iliyokwisha lowa zinaweza kuwa hatari kuliko milimita 80 juu ya ardhi kavu, kwa hiyo tazama jumla ya siku 10.

Kwa kila mtu: mamlaka ikitoa onyo, onyo hilo liko juu ya daftari lako. Tanzania hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wao wana rada na vituo ambavyo wewe huna. Na kabla ya kusambaza picha ya kimbunga kwenye kundi la WhatsApp, soma tarehe iliyoandikwa pembeni. Picha za Idai na Kenneth za mwaka 2019 bado zinazunguka kila Aprili kana kwamba ni za leo. Ramani ya modeli ya siku ya 14 inayoonyesha kimbunga juu ya Dar es Salaam nayo usiisambaze. Kwa umbali ule modeli huchora vimbunga ambavyo havizaliwi.

## Zoezi kabla ya msimu

Usisubiri Machi ufike ndipo ujifunze. Ramani za zamani zipo kwenye kumbukumbu za intaneti. Fungua Machi 2018, weka alama ya Dumazile na Eliakim kwenye karatasi, chora mishale, kisha tazama upepo wa 700 hPa juu ya Kenya siku zile. Fanya vivyo hivyo kwa Machi 2019 na Idai. Ziweke karatasi mbili sambamba mezani.

Ukiona mshale wa magharibi juu ya Ziwa Viktoria kwenye karatasi ya kwanza, na unyevu ukikimbilia kusini kwenye ya pili, uko tayari. Usipouona, makosa ni mawili tu kwa kawaida: umechora mzunguko kinyume, kama wa kaskazini mwa dunia, au umetumia 850 hPa juu ya nyanda za juu. Rekebisha, rudia karatasi zote mbili.